Sauti ya Vyumba Vitatu

Siku ya hamsini na moja ya eda yake, Bi Fauzia binti Shehe alikuwa amejifungia chumbani, kakaa ukingoni mwa kitanda na ushungi wake mweupe, akimsikiliza mwanamume asiyemjua akisogeza makochi sebuleni kwake.

“Mama, iko inasikika?” mwanamume yule aliuliza kutoka upande wa pili wa mlango.

“Nini?”

“Muziki.”

“Muziki wa nini, baba? Mimi nimefiwa.”

“Oh, pardon, Mama! Mtoto wako aliniambia, mi nikasahau. Ngoja nitie Kurani.”

Kisha sauti ya msomaji ikajaa nyumba nzima: sebuleni, jikoni, na humo humo chumbani, kutoka kwenye kidude cheusi ambacho jirani yake Tabia alikuwa amekiweka juu ya kabati nusu saa nyuma. Bi Fauzia alishtuka, akashika kifua. Tangu wapangaji waondoke hapajapata kusikika sauti kubwa kiasi kile katika nyumba hiyo.

Fundi huyo aliitwa Pacifique, Mkongo wa Uvira, mwenye kiduka cha vyombo vya sauti kule Newtown, Johannesburg. Aliyemtuma ni Naseeb, mtoto wa pekee wa Bi Fauzia, karani mkubwa katika ofisi ya kutoa mizigo huko Midrand. Naseeb alikuwa amempigia mama yake simu wiki iliyopita, wakasalimiana, wakamaliza salamu, wakabaki wanapumua. Kimya cha nyumba kikamfikia hadi Midrand. “Mama, nyumba yako iko kimya sana,” alisema. “Nitakuwekea spika kila chumba. Zinaongea zenyewe kwa waifai. Ukienda jikoni, sauti iko. Ukienda kulala, sauti iko. Fundi ataleta za aina mbili, ujaribu, uchague.” Alisema kwa furaha ya mtu aliyepata dawa ya ugonjwa uliowashinda madaktari.

Na kweli nyumba ilikuwa kimya. Ilikuwa ghorofa ya nne, Joubert Park, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani kuliko marehemu Bakiri, mume wa Bi Fauzia, ila yenyewe haikupata wa kuizika. Bwana Bakiri alifariki katikati ya majira ya baridi, mwaka huo wa 2018, akazikwa jioni ile ile. Sebuleni, nyuma ya pazia, walikuwa wamewapangisha vijana wawili wa Tanga, wauza mikanda na miwani, waliokuwa wakigombana kila Jumamosi juu ya mpira. Siku ya tatu ya matanga, wanawake walikaa wakaamua: mjane wa eda hakai nyumba moja na wanaume wasio maharimu. Vijana wakafunga magodoro, wakaondoka na televisheni yao na ugomvi wao. Wanawake wenyewe walijaa siku saba, wakarudi kwenye hitima ya arobaini, wakala, wakaosha masufuria, kisha kila mmoja akarudi kwenye meza yake ya biashara. Johannesburg haina mwanamke wa kukaa tu. Bi Fauzia akabaki na vyumba vitatu na miezi mitatu ya kutotoka nje.

Jambo alilolitaka hasa lilikuwa moja, naye hakulisema kwa mtu. Alitaka mdogo wake Duni aje kutoka Tanga akae naye mpaka eda iishe. Siku ya ishirini, Naseeb alikuwa amemuuliza kwenye simu: “Mama, nimlete Mama mdogo Duni? Amesema yuko tayari, nimtumie tiketi tu.” Moyo wa Bi Fauzia uliruka kama wa mtoto aliyesikia habari za sikukuu. Akajibu kama anavyojibu mtu aliyelelewa: “Aa, mwanangu, usijisumbue. Mimi sina shida.” Akangoja aulizwe mara ya pili.

Naseeb akasema, “Sharp, Mama, sawa,” wakaagana.

Kwao, mtu haulizwi mara moja. Mara ya kwanza unakataa kwa adabu, mara ya pili unakataa kwa haya, ya tatu unakubali huku ukilaumu kwamba unasumbua watu. Anayepokea kitu mara ya kwanza ni mroho, na anayekubali jibu la kwanza hakutaka kutoa. Lakini Naseeb aliletwa Johannesburg akiwa na miaka minne, akasoma huko, akaoa huko. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema, na hapana kwake ilikuwa hapana. Bi Fauzia alingoja swali la pili siku kumi, ishirini, thelathini. Zikaja spika.

*

Zile za kwanza zilikuwa za bei: randi elfu kumi na nane kwa vipande vitatu na kisanduku chao kinachowaka taa ya bluu. Pacifique aliziacha siku tatu za majaribio. Tabia alifundishwa namna ya kuziendesha kwa simu, naye akamfundisha Bi Fauzia, kisha akashuka kwake ghorofa ya pili kuchukua mizigo yake ya khanga, maana siku ya mtu wa biashara haimngoji mjane.

Bi Fauzia akawasha redio ya Tanga kwa intaneti. Akasikia tangazo la saruji, salamu za wasikilizaji wa Pongwe na Muheza, kisha msiba wa mtu asiyemjua aliyekufa mtaa anaoujua. Alilia kidogo, akafurahi kidogo. Akaenda jikoni, na mtangazaji yuko jikoni. Akaenda chumbani, na mtangazaji yuko chumbani, na sauti ile ile, haikupanda wala kushuka. Kufikia siku ya pili akawa hapendi. Mtu akiwa sebuleni na wewe uko jikoni, humsikia vizuri. Unamwambia, “Sema tena!” naye anapaza sauti, au anainuka kukufuata. Huyu wa spika hakuwa popote na alikuwa kila mahali, na hakuna aliyeinuka.

“Zikoje?” Naseeb aliuliza kwenye simu.

“Nzuri, mwanangu. Alhamdulillahi.”

“Unaona? Hizo ni bora. Lakini jaribu na zile nyingine, usije ukasema nilikulazimisha.”

“Wewe ulipoziagiza, mbona hukuja nazo mwenyewe?”

“Eish, Mama, kazi. Mwisho wa mwezi huu kontena ziko mia. Nitakuja.”

“Nitakuja” hiyo ya Naseeb ilikuwa imetimiza siku thelathini na nne.

*

Pacifique alirudi siku ya hamsini na nne na zile za rahisi, elfu saba. Tabia safari hii hakuwepo. Alikuwa amesema ametingwa. Bi Fauzia alifikiri sana. Mwishowe akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa, akauwekea tofali, ili kila apitaye kwenye korido aone kwamba humu hamna la kufichwa. Mezani akaweka chupa ya chai ya tangawizi, kikombe kimoja na sahani ya vitumbua. Ile spika ya chumbani akaiacha kizingitini ili abadilishiwe. Kisha akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo, akapaza sauti: “Karibu, fundi!”

Pacifique akavua viatu, akaviacha nje ya mlango wa mbele, akaingia. Akafanya kazi. Baada ya muda Bi Fauzia akasema, “Fundi, chai hiyo hapo.”

“Apana, Mama, sante. Mi niko muzuri.”

“Kunywa chai, baba.”

“Aa, Mama, usihangaike.”

“Nimekwambia kunywa. Vitumbua vitapoa.”

“Haya, sababu umesema,” Pacifique akasema, na Bi Fauzia akasikia kifuniko cha chupa kikifunguka. Alijikuta anatabasamu peke yake mbele ya kabati. Mkongo yule, Mkristo, mtu wa ziwa na milima, alikuwa na adabu kuliko mtoto wake wa kumzaa.

Spika mpya ya chumbani Pacifique akaiacha kizingitini, akaenda jikoni, na Bi Fauzia akanyoosha mkono akaiingiza. Spika zikawashwa. Redio ya Tanga ikaanza sebuleni, “Habari za asubuhi, wasikilizaji,” na kabla mtangazaji hajameza mate, jikoni pakadakia, “Habari za asubuhi, wasikilizaji,” na nyuma yake chumbani tena. Pacifique akaguna.

“Mama, hizi ziko na kosa. Zinachelewa. Sebule inasema, jikoni inafuata nyuma. Hii ni bei yake. Nitazizima.”

“Usizime!”

“Lakini ziko mbaya, Mama. Kichwa kitakuuma.”

Bi Fauzia alikuwa amesimama, sikio limeelekea mlangoni. Sebuleni mmoja alikuwa anasema, jikoni mwingine anaitikia, sauti zinagongana, zinakatana, hazisikilizani. Ndivyo nyumba yake ilivyokuwa siku wapangaji wakiwemo, marehemu yumo, yeye yuko kwenye sufuria, kila mtu akisema lake. Alifumba macho ili asikie vizuri.

“Niachie hizo,” alisema.

“Mama, mi siuzishi kitu kibovu. Jina langu litaaribika.”

“Basi hebu sema wewe mwenyewe, tuone kama na sauti yako itachelewa. Ingia jikoni, sema kwenye hiyo simu yako.”

“Niseme nini?”

“Chochote. Sema ya kwenu.”

Pacifique alienda jikoni, akasimama wima kama mtu aliyeitwa ubaoni. Akaanza kusema juu ya mama yake, muuza dagaa Uvira, aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili kumuuliza amekula nini. Siku alipofariki, Pacifique alikuwa juu ya ngazi katika nyumba ya watu Sandton, anafunga spika darini. Akapokea simu, akasikia, akairudisha mfukoni, akamalizia skrubu mbili zilizobaki. “Sababu mwenye nyumba alikuwa anaangalia,” alisema, na chumbani sauti yake ikachelewa, ikasema tena: alikuwa anaangalia.

“Pole sana, baba,” alisema Bi Fauzia.

“Sante, Mama. Yeye angesikia hizi spika zako angesema batu wamejaa, tupike bugali ingine.”

Bi Fauzia akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka chote, kicheko cha mtu aliyefunga kucheka siku hamsini na nne, na wakati huo huo kikasikika mlangoni kishindo cha mizigo ya khanga ikitua sakafuni.

“Astaghfirullahi!” ilikuwa sauti ya Tabia. “Viatu vya mwanamume nje, na mjane anacheka ndani?”

*

Tabia hakuwa mbaya. Tabia alikuwa Mdarisalama aliyezoea kwamba jambo likionekana lisemwe kabla halijaoza. Alimwambia mwenziwe mmoja, naye akamwambia mmoja, na kufikia Ijumaa baada ya sala habari ilikuwa imepata miguu na mikono: mjane wa Bakiri anakaa saa nzima na Mkongo, nyumba imefunguliwa muziki, wanacheka. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wanawake wawili waliokuwa wakimpigia simu kila siku ya pili hawakupiga tena. Bi Fauzia alipompigia mmoja wao, simu ililia mpaka ikachoka.

Kwa mara ya kwanza tangu kufiwa aliona haya ya kweli, ile inayomfanya mtu atembee pembeni mwa ukuta hata ndani ya nyumba yake. Hakuwa amemwona yule fundi hata kisigino. Alikuwa amecheka tu. Lakini aende akamweleze nani, naye haruhusiwi kuvuka kizingiti?

Jumapili, siku ya hamsini na tisa, Naseeb akaja.

Alipanda ghorofa nne bila kupumzika, akabisha, akambusu mama yake mkono. “Shikamoo, Mama.” Alikuwa amenenepa. Alikuwa na ndevu mpya ambazo hakuna aliyemwambia mama yake habari zake. Tabia alimfuata nyuma, na kabla Bi Fauzia hajamaliza kumtazama mwanawe, Pacifique naye akawa mlangoni, ameitwa na Naseeb aje kuchukua zile spika za elfu saba na kurudisha zile za bei. Ikambidi Bi Fauzia aingie chumbani na kufunga. Mwanawe alikuwa hatua sita kutoka kwake na bado alimsikia kupitia mbao.

“Wewe,” Naseeb alimwambia Pacifique, “nilikuagiza ufunge spika. Saa nzima ulikuwa unafanya nini na mama yangu?”

“Patron, nilikuwa najaribu sauti.”

“Kwa vichekesho?”

“Mama aliniomba niseme. Nikasema. Alikuwa ndani, mi niko jikoni, mulango wa korido wazi. Uliza batu wote.”

“Watu ndio wanaoniambia!”

“Naseeb,” Bi Fauzia aliita kutoka chumbani, “usimvunjie mtu heshima nyumbani kwangu.”

Akasikia nyaya zikikunjwa. Pacifique alikuwa anafungasha, na ilikuwa dhahiri kwa mlio wa nyaya zile kwamba mtu ameumia. Alipomaliza, alisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba ile haikuwa na siri:

“Patron, nikuambie kitu moja, halafu niende. Mama alichagua hizi za bei kidogo. Unajua sababu? Ziko na kosa, zinachelewa. Chumba kinasema, kingine kinafuata. Aliniambia nisizitengeneze. Anasikia kama batu wako ndani. Mi nafunga spika miaka tisa, sijaona mtu wa kununua kosa. Njo maana nilikaa saa nzima. Sikuwa na roho ya kumuacha.”

Viatu vikavaliwa, hatua zikashuka ngazi.

Bi Fauzia alifungua mlango. Naseeb alikuwa amekaa kwenye kochi la marehemu baba yake, mikono magotini. Tabia alijifanya anakunja leso.

“Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Nikwambie nini?”

“Kwamba uko mpweke. Nilikuuliza! Nilisema nimlete Mama mdogo Duni. Ukasema hapana. Ukasema huna shida. Mimi nikaamini.”

“Uliuliza mara moja,” alisema Bi Fauzia.

“Sasa niulize mara ngapi?”

“Tatu,” Tabia alidakia, hata kabla hajafikiri. “Tatu, mwanangu. Hata maji, mtu mzima hanywi hadi ya tatu. Wewe ulikulia wapi?”

“Hapa,” alisema Naseeb. “Nilikulia hapa.”

Tabia akaaga, macho chini. Mlangoni alimshika Bi Fauzia mkono akasema, “Nisamehe, dada, mdomo wangu,” na Bi Fauzia akasema yamekwisha, ingawa hayakuwa yamekwisha.

*

Naseeb alitoa simu, akamrekodia Duni ujumbe: aje, tiketi atakata leo leo. Walingoja jibu huku Naseeb akiunga zile spika za elfu kumi na nane, maana ndizo zilizobaki. Jibu lilipoingia, alilifungua bila kuangalia, na sauti ya Duni ikalipuka nyumba nzima.

“Dada Fauzia!” ilisema sebuleni, jikoni na chumbani kwa pamoja. “Dada, mbona ulisema hutaki mtu? Mimi nililia. Nikasema labda nimemkosea. Sasa niko Mombasa kwa mwanangu, kajifungua juzi, mzazi wa kisu, kapasuliwa, hawezi hata kuinuka. Siwezi kumwacha mpaka arobaini yake iishe. Ningekuja, dada, wallahi ningekuja, mizigo nilikwisha kufunga.” Nyuma yake kitoto kikalia, kikalia vyumba vitatu, kisha ujumbe ukakatika.

Bi Fauzia alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alihesabu: arobaini ya mzazi ikiisha, eda itakuwa imebakisha siku thelathini na tatu. Duni atakuja kumvua nguo nyeupe na kumtoa nje, akaage. Alijiona mjinga. Alikuwa ametupa miezi miwili ya mdogo wake kwa ajili ya adabu, na hapakuwa na wa kumlaumu, maana mtu hulaumiwa kwa ubaya, na adabu si ubaya.

“Umesikia inavyosikika wazi?” alisema Naseeb, kisha akaona mwenyewe alivyosema upuuzi.

Walikunywa chai. Naseeb alimweleza mama yake habari za kontena, naye alimweleza habari za bei ya vitunguu alizozisikia kwa Tabia. Kiswahili kilipomwishia, Naseeb alitazama spika. Hata hivyo ulikuwa mchana mzuri kuliko yote tangu msiba. Jua la mwisho wa baridi liliingia hadi kwenye zulia, na kikombe cha pili kilikuwa mezani, na kulikuwa na mtu wa kukiosha baadaye.

Saa kumi Naseeb akainuka. Akavaa koti, akasita.

“Mama, nilale hapa leo? Kesho nitaenda kazini kutokea hapa.”

“Hapana, mwanangu,” alisema Bi Fauzia. “Mkeo anakungoja. Mimi sina shida.”

Mdomo ulikuwa umekwisha sema kabla moyo haujaulizwa. Alisimama akimtazama. Naseeb alikuna ndevu zake mpya, akakumbuka jambo.

“Kweli, Mama? Nikae?”

“Nenda, baba. Njia ndefu.”

Zikawa mbili. Bi Fauzia alishika ukingo wa ushungi wake akangoja. Naseeb alisimama na kitasa mkononi, na pengine angesema. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa mji ambao kumuuliza mtu mara ya pili tayari ni kumwona mwongo, na ya tatu ni kumtukana. Akambusu mama yake mkono, akamwambia atampigia akifika, akatoka. Mlango ukafungwa taratibu, kwa heshima.

Bi Fauzia alisikiliza hatua zake kwenye ngazi. Ghorofa ya tatu. Spika zilikuwa zimewaka taa zao za bluu, tayari, zikingoja kuambiwa. Ghorofa ya pili. Alijua ya mbele yote: simu ya kufika salama, alhamdulillahi, kontena, nitakuja. Siku sabini na moja zilizobaki. Akajiona amekaa hapo kwa adabu mpaka zitakapoisha.

Akafungua mlango. Siku hamsini na tisa hakuwa amevuka kile kizingiti hata kwa unyayo mmoja. Akakivuka pekupeku, na nguo zake nyeupe, mpaka kwenye chuma cha ngazi, akainama akapaza sauti ambayo jengo lile halijapata kuisikia kwake.

“Naseeb! Naseeb we!”

Milango ikafunguka. Brigitte, msusi wa mlango wa pili, alitoka na kitana mkononi, mteja wake nyuma yake na nusu ya kichwa kimesukwa. Chini, Tabia alitoa kichwa. Hatua zilisimama.

“Mama? Unaumwa?”

“Siumwi!”

“Spika zimezima?”

“Spika nzima! Nilikudanganya. Nataka ukae.”

Maneno yalishuka ngazi zote, ghorofa kwa ghorofa, kila mtu akayasikia, mjane wa Bakiri anaomba hadharani kama mtoto. Uso ulimwaka. Hakurudi ndani. Kutoka kule chini sauti ya mwanawe ikapanda, ndogo, katika Kiswahili chake kile cha kutafuta:

“Mpaka lini, Mama?”

Bi Fauzia hakuwa amefikiria hilo.

“Mpaka nikuchoke,” alisema, akabaki pale pale nje, mbele za watu, akimngoja apande.